Soya za Nyuma ya Nyumba

Bibi Teng alifika Dalian, mji wa bandari, wiki mbili kabla ya mwaka mpya wa kalenda ya zamani, akiwa na mfuko mmoja wa nguo, dawa zake za presha, na mto wa kulalia ambao hakuuachia tangu treni ilipoondoka Suihua, kwao kaskazini. Mwanawe Delin, aliyekwenda kumchukua kijijini, alisema mama yake alikwenda nao mpaka msalani. Kijana mmoja mwenye adabu zake alipojitolea kuuweka juu pamoja na mizigo mingine, bibi alimtazama kana kwamba ameombwa figo.

"Mama, huo ni mto tu," Delin alimwambia. "Mjini mito imejaa."

"Na watoto wa kiume walijaa kijijini," bibi akajibu. "Mbona nilihangaika na wewe?"

Delin ana miaka hamsini na minane na mvi kichwa kizima, lakini mbele ya mama yake huwa mtoto wa miaka sita.

Mkewe, Fengzhi, aliwapokea mlangoni, ghorofa ya tano, jengo lisilo na lifti. Alimvua mama mkwe viatu, akampa maji ya moto ya kunywa, akataka kumpokea na mto. Bibi akaupeleka mwenyewe chumbani, akauweka upande wa ukutani, akaupiga kofi moja kuunyoosha. Ndipo akatazama chumba, dirisha, na kibaraza kidogo chenye vioo ambapo Fengzhi huanika nguo.

"Nimekuja kupisha baridi," alisema. "Sikuja kuhamia. Tuelewane mapema."

Maneno hayo aliyarudia kwa kila mtu: kwa jirani wa mlango wa pili, kwa muuza kabichi pale chini, hata kwa mtu aliyekuja kusoma mita ya gesi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ukweli ni kwamba Delin alikuwa na jambo lake. Shamba lao kubwa kule kijijini walishampangisha Gai Yonghe, bwana mmoja mwenye matrekta anayelima mahindi kutoka bondeni mpaka barabarani. Sasa Gai alikuwa anaitaka na nyumba, pamoja na kile kipande cha nyuma ya nyumba, avunje na kusawazisha ili mashine zake zipite moja kwa moja bila kukata kona. Alitaka jibu kabla ya siku ya kusafisha makaburi, mwezi wa nne. Delin hakumwambia mama yake. Lakini katika kijiji ambacho kati ya mabomba arobaini ya moshi ni sita tu yaliyokuwa bado yanatoa moshi, siri ingekaa wapi? Bibi alijua kabla hata Delin hajakata tiketi. Alinyamaza tu, na aliponyamaza yeye, ilikuwa afadhali angetukana.

Fengzhi naye alijua, na moyo wake ulikuwa hautulii. Hakumwambia mtu, maana mtu aliyekaa mjini miaka kumi na saba akisema anataka kurudi kulima, watu humcheka. Lakini kila mwaka ardhi ilipoanza kuyeyuka barafu, alikuwa akisimama kwenye kile kibaraza na kunusa. Dalian hunuka bahari na mafuta ya taa. Kijijini, wiki ile ya kwanza udongo mweusi unapoachia barafu, hutoka harufu nzito ya mvuke ambayo humshika mtu koo. Aliitamani harufu hiyo mpaka akawa anajionea aibu.

Na soya zao. Jamani, soya zao. Vuli ikifika, majani yakishapukutika, shamba zima hubaki na maganda ya rangi ya kahawia, na upepo ukipita maganda yale huchezacheza kwa mlio mkavu, nyumba kwa nyumba, mpaka watoto hulala nao. Walivuna kwa mundu alfajiri, umande ukiwa bado umeganda juu ya maganda, kwa sababu jua likipanda hupasuka na kumwaga soya chini. Delin alikuwa anakata mistari sita kwa pamoja na kuimba vibaya. Wanunuzi walikuwa wanakuja wenyewe na malori mpaka uani, wanatia mkono ndani ya gunia, wanatafuna soya moja, wanatikisa kichwa kwa kuridhika. Kulikuwa na raha fulani kumtazama mgeni akitafuna soya ya mtu na kukosa kasoro ya kutaja.

Halafu nchi ikafungua mlango wa biashara, meli zikaja. Soya za Brazil na Marekani, shehena kwa shehena, za rahisi, zenye mafuta mengi, za mashamba ambayo inasemekana mtu huendesha trekta tangu asubuhi hajaona mwisho wake. Mwaka wa kwanza malori yalichelewa. Mwaka wa pili yalikuja machache na wanunuzi hawakutafuna kitu. Walisema tu, tukichukua hizi tunakula hasara. Mwaka wa tatu hayakuja kabisa. Magunia yalikaa uani mpaka theluji ikayafunika. Waliobaki wakageukia mahindi, wengine wakafunga milango, na Delin na Fengzhi wakawa miongoni mwa waliofunga milango.

Sasa sikia kichekesho. Kazi aliyopata Delin mjini ilikuwa bandarini, kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya soya, akipokea mzigo unaoshuka melini. Miaka kumi na saba mtu huyu amesimama chini ya mkanda unaomwaga soya za watu kama mvua, akifagia zinazomwagika. Soya zilizomtoa kwao ndizo zilizomlipia chumba na kumsomeshea binti yao, Wanting. Hata yeye hakujua azichukie au azishukuru, kwa hiyo alikuwa anazifagia tu.

* * *

Bibi Teng hakula. Hakugoma, alikuwa anakaa mezani na kushika vijiti vyake vizuri, anachukua punje mbili za wali, anasema ameshiba. Fengzhi alipika kabichi iliyochachuliwa na nyama ya nguruwe, akapika uji wa mtama, akakanda tambi kwa mkono. Bibi alisifia na kuacha. Kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza shati lilikuwa linamwelea mwilini.

"Tatizo nini, Mama?" Fengzhi akamuuliza siku moja. "Niambie tu. Chumvi?"

"Chakula ni kizuri."

"Basi mbona huli?"

Bibi aliashiria kwa kijiti chake kile kibakuli kilicho katikati ya meza. Kilikuwa na dajiang, ule mkorogo mzito wa soya zilizochachuliwa ambao kwao hawali kitunguu wala kabichi bila kuchovya humo. Kile cha mezani Fengzhi alikinunua dukani, kwenye mfuko wenye picha ya bibi mwenye tabasamu.

"Hii," Bibi Teng alisema, "ni chumvi iliyopakwa rangi. Na huyu mwanamke wa kwenye mfuko hajawahi kuonja anachouza. Ona meno yake."

Jioni ile Delin aliporudi kazini alipitia sokoni akanunua kilo mbili za soya ili mkewe atengeneze dajiang ya nyumbani. Bibi alizimimina kiganjani, akazigeuza kwa kidole gumba. Zilikuwa kubwa, nyeupe, zinang'aa.

"Hazina jicho," alisema, akazirudisha kwenye mfuko.

Soya zao za kule zilikuwa ndogo, na kila moja ilikuwa na alama ya kahawia ubavuni, pale ilipokuwa imeshikana na ganda. Wenyewe waliiita jicho. Soya isiyo na jicho, kwa Bibi Teng, ilikuwa haina kwao.

Hapa lazima nieleze tabia moja ya huyu bibi, maana bila hiyo huwezi kumwelewa Fengzhi wala kumhukumu kwa haki. Bibi Teng hajawahi kumpa mkamwana wake kitu mkono kwa mkono. Kamwe. Mwaka Fengzhi alioolewa, akiwa na mimba ya kwanza na kichefuchefu cha kufa mtu, mama mkwe alikuwa anamsema kutwa: unafagia kivivu, unakata kuni kama unabembeleza mtoto. Halafu asubuhi moja Fengzhi akatia mkono kwenye mtungi wa unga, akagusa kitu cha duara. Yai. Akachimba, akakuta mengine matano. Nyakati zile mayai yaliuzwa. Mwenye nyumba hakuyala. Aliyapeleka kwa mama mkwe akifikiri yamesahauliwa, na bibi akamkemea: "Mimi sijaweka kitu humo. Ulichokikuta kwenye unga ni cha mkanda unga." Wiki iliyofuata akakuta sukari nguru. Mtoto alipozaliwa akakuta kipande cha flana nyekundu, kimefungwa vizuri, katikati ya unga. Fengzhi akajifunza. Ukikuta, unatumia. Ukisema asante, umeharibu.

Hivyo ndivyo walivyopendana miaka yote ile, kupitia mtungi wa unga.

* * *

Mwezi wa pili wa kalenda ya zamani ulipoingia, ambao ndio mwezi wa kuchemsha soya za dajiang, Delin alipata siku ya mapumziko akampeleka mama yake kliniki kutazamwa nyonga. Bibi alikuwa ameanguka majira ya baridi matatu yaliyopita akienda kuchukua kuni, na tangu hapo alitembea kwa kuchechemea. Waliondoka asubuhi. Kwa mara ya kwanza mto ulibaki kitandani peke yake.

Fengzhi aliuona umechafuka. Foronya ilikuwa na alama ya mafuta ya nywele pale kichwa kinapolala. Akasema, nimfulie arudi akute safi. Aliunyanyua, na ulikuwa mzito kuliko mto. Akaupapasa. Haukuwa na makapi ya nafaka kama mito yote ya kwao. Akafumua mshono mmoja, akaingiza vidole, akatoa kiganja kimejaa soya ndogo zenye jicho la kahawia.

Alikaa kitandani. Machozi yalimtoka kabla hajajua analia. Alizinusa. Bado zilikuwa na harufu ya ghala lao, ya vumbi na magunia na panya. Alitia moja mdomoni akaitafuna kama walivyotafuna wale wanunuzi wa zamani, na ule utamu mbichi ulimrudisha uani kwao na mundu mkononi.

Na akaelewa. Au tuseme alidhani ameelewa. Mama mkwe wake amekuja na soya za dajiang kutoka kwao. Amekaa nazo miezi miwili akisubiri mkamwana aone. Ndiyo maana alisema soya za sokoni hazina jicho! Ndiyo maana alikuwa haachi kukitaja kile kibakuli! Mwezi wa kuchemsha umeingia, naye ameuacha mto kitandani kwa makusudi, waziwazi, kama alivyokuwa anayaacha mayai. Miaka thelathini na tano imepita na bado mzee ana mambo yale yale. Fengzhi alicheka peke yake huku anafuta machozi.

Akazimimina zote. Zilijaa nusu ndoo. Aliosha mara tatu, akatoa sufuria ya presha, akazipika kwa mafungu, moja baada ya jingine, tangu saa nne mpaka alasiri. Hakuacha hata kiganja, maana kwao dajiang ya kupima pima ni dalili ya uchoyo. Foronya aliifua akaianika kibarazani. Madirisha yalifunikwa na mvuke, na chumba kile cha mjini kikanuka nyumbani kwa mara ya kwanza.

Harufu iliwapokea wenyewe ngazini. Delin alisema baadaye kwamba walipofika ghorofa ya tatu mama yake alisimama, akanusa, akaanza kupanda haraka, yeye aliyekuwa anapumzika kila ngazi ya tano. Aliingia macho yanang'aa.

"Nani anapika hivi?" aliuliza. "Umezipata wapi?"

Fengzhi hakujibu. Kwa desturi yao hakutakiwa kujibu. Alimpa kibakuli cha soya za moto, akatabasamu akiangalia pembeni. Bibi akachukua moja kwa vijiti, akaibana na ulimi, akafumba macho. Akachukua ya pili. Kisha akafumbua macho, na macho yakaenda kibarazani, kwenye foronya iliyoning'inia.

Akaweka vijiti chini, sambamba, taratibu.

"Umebakiza ngapi?" aliuliza.

"Nini, Mama?"

"Mbichi. Umebakiza ngapi?"

Fengzhi alitazama ndoo tupu, akatazama sufuria.

"Zilikuwa mbegu," Bibi Teng alisema. Hakupaza sauti. "Nimezibeba kwenye mto kwa sababu huyu Delin alisema nisije na gunia, mjini soya zipo. Na hapa kuna bahari, kabati lina unyevu, ningeziweka wapi zisiharibike? Nilikuwa nazipa joto la kichwa changu. Zina miaka mitatu sasa, tangu nianguke sijapanda. Mwaka huu ndio wa mwisho kuota. Nilitaka siku ya makaburi nirudi nizipande nyuma ya nyumba. Gai akija na mashine yake anikute nimesimama katikati."

"Mama Wanting, hivi hukufikiri?" Delin alimgeukia mkewe, amewiva uso. "Mtu anaweka soya kwenye mto, wewe unaenda kuzipika? Soya za kupika zinakaa kwenye mto?"

"Funga mdomo," mama yake alimwambia. "Wewe uliyetaka kuiuza nyumba bila kuniambia leo umepata ulimi?"

Delin akageuka kuvua koti.

Fengzhi alipiga magoti pale sakafuni. Alisema alidhani ni kama mayai. Alisema hivyo mara mbili, kama mtoto: ni kama mayai, Mama, ni kama mayai ya kwenye unga. Bibi alimtazama, na uso wake ukabadilika, si kwa hasira wala kwa huruma, bali kama mtu aliyekumbushwa deni lake mwenyewe.

"Inuka," alisema. "Zikipoa hazipondeki. Leta mchi."

* * *

Walizitwanga pamoja, mama mkwe ameketi kwenye kigoda, mkamwana chini, Delin akiwakatia karatasi za kufungia. Walikanda matofali manane ya soya, wakayafunga kwa karatasi za khaki za vifurushi vya posta, wakayapanga juu ya kabati karibu na bomba la joto, yakae hadi mwezi wa nne yaote ukungu na kuwa tayari kuingia kwenye mtungi wa maji ya chumvi. Wakati wote huo bibi alikuwa anazungumza, na alizungumza kuhusu watu waliokufa zamani.

Mama mkwe wake yeye, alisema, alitembea kutoka mkoa wa Shandong na mbegu ya kwao ndani ya mto. Alifika kule kaskazini, akaipanda, baridi ya mwezi wa tisa ikaiua kabla haijakomaa. Jirani mmoja, ambaye hata jina lake halikumbukwi tena, akamletea bakuli la soya zenye jicho. Basi. Soya zote walizokula, walizouza, walizowalisha nguruwe, zilizomsomesha huyu Delin madarasa machache aliyoyaweza, zilitoka kwenye bakuli lile.

"Sasa bakuli limerudi tupu," alisema. Akapangusa mikono. "Delin. Mpigie Gai. Mwambie achukue."

"Mama, hatujafika huko. Tuongee."

"Tuongee nini? Nyumba isiyo na cha kupanda ni ya kazi gani? Mpigie. Ila ungoje siku ya makaburi ikaribie, asidhani tuna njaa."

Baada ya siku ile Bibi Teng alianza kula. Alikula chochote alichowekewa, alimaliza, alisema asante. Hilo ndilo lililomtisha Fengzhi. Hakuwahi kumsikia mwanamke yule akisema asante, na sasa alikuwa anaisema mara tatu kwa siku, kama mgeni. Hakumwambia tena muuza kabichi kwamba amekuja kupisha baridi. Alipita tu. Laiti angetukana, angalau mara moja, Fengzhi angelala.

Fengzhi alinunua makapi ya kujaza mto. Bibi aliomba sindano na mkasi, akakaa na ile foronya kibarazani asubuhi nzima, akafumua mishono yote, ya ndani na ya nje, akaishona upya kwa subira ya ajabu. Fengzhi alijitolea kumsaidia; akaambiwa akaendelee na kazi zake. Kupitia kioo aliuona mgongo ule mdogo umeinama. Alimwaza mtu wa matrekta akisawazisha uga waliokuwa wanaanikia soya, na mti wao wa peasi, na kisima. Alifikiri: nimefunga mlango ule mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa meli. Mara ya pili ni mimi, kwa mkono wangu, kwa sufuria yangu.

Alimpigia simu kila aliyemkumbuka kijijini. Je, kuna mwenye soya za zamani, zile ndogo, zenye jicho? Wa kwanza alikuwa Harbin kwa mwanawe. Wa pili alicheka, akasema hajaona soya za jicho tangu punda wake afe. Wa tatu alimpa namba ya Gai.

* * *

Siku mbili kabla ya siku ya makaburi, Jumamosi asubuhi, Delin alikwenda kibarazani na simu. Alikuwa ameahirisha kwa wiki tatu. Alivaa shati la kola, kana kwamba Gai angemwona.

Bibi Teng alikuwa amejilaza kitandani, uso ukutani, kichwa juu ya mto wake mpya. Fengzhi aliingia jikoni kukanda unga wa mikate. Hakuwa na hamu ya kula, lakini asubuhi ni asubuhi. Alifunua mtungi, akatia mkono, na vidole vyake vikagusa kitambaa.

Alisimama hivyo, mkono umezama hadi kiwiko.

Kilikuwa leso, ile ya bluu ya bibi, imefungwa fundo moja. Aliivuta, unga ukamwagika mezani. Alifungua fundo kwa meno kwa sababu vidole vilikuwa na unga. Ndani mlikuwa na soya. Chache, hazikufika kiganja: zile zilizokuwa zimekwama kwenye pembe za foronya, katikati ya mishono ya ndani, ambazo maji ya kufulia yalizigusa kidogo tu na jua likazikausha. Nyingine zilikuwa zimesinyaa. Nyingine zilikuwa nzima. Kila moja ilikuwa na jicho lake.

Fengzhi aliziangalia mpaka hakuziona tena kwa machozi. Zilikuwa mle wiki tatu zote? Au jana tu? Bibi angeweza kumpa mkononi. Angeweza kumwambia Delin, zimepatikana, nyumba haiuzwi, na Delin angetii. Badala yake alimwachia yeye azikute, aliyezipika, aamue atakalo. Ulichokikuta kwenye unga ni cha mkanda unga.

Kutoka chumbani sauti ya bibi ikasikika, kavu, ya mtu asiye na habari ya lolote.

"Unga umekwisha?"

Fengzhi alikunja leso.

"Haujaisha, Mama. Umeongezeka."

Alikwenda kibarazani mikono imejaa unga. Delin alikuwa ameshapiga. Simu ilikuwa inaita sikioni mwake. Fengzhi alimfungulia leso mbele ya macho. Delin alizitazama, akamtazama mkewe, na yeye aliyekaa chini ya mvua ya soya miaka kumi na saba akanyoosha kidole kimoja, akaigusa moja tu, kidogo, kama mtu anayeogopa kuiamsha.

"Haloo?" ilisema simu. "Kaka Delin? Nilikuwa naisubiri hii. Vipi, tunavunja lini?"

"Hatuvunji," Delin alisema. "Tunakuja kupanda."

"Kupanda nini?"

Delin akakata simu. Walibaki wamesimama pale, mtu na mkewe, wakizilinda zile punje na upepo ambao haukuwepo. Huenda zisiote. Zilikuwa za zamani, na zilikuwa chache mno. Wote wawili walilijua hilo.

Fengzhi alirudi ndani. Alipita mbele ya kitanda, leso mkononi, macho chini, bila neno, kama alivyofundishwa. Bibi Teng hakugeuka. Alikuwa amefumba macho na kuvuta blanketi hadi mabegani, amelala kabisa, mtu yeyote angesema amelala.

"Fengzhi," alisema.

"Naam, Mama."

"Hizo usizipike."